Kabla Hujachagua Bastola ya Shabaha, Upime Mkono Wako

Karibu kila anayeanza kulenga shabaha huniuliza swali lile lile: bastola gani inapiga sawasawa kuliko zote na haimchoshi mtu? Huwa sijibu kwa jina la bastola. Namwambia anyooshe mkono, atandaze vidole, niutazame. Wengine hudhani nakwepa swali. Sikwepi. Jibu lenyewe liko pale, kati ya bonde la kidole gumba na ncha ya kidole cha shahada.

Mimi sikuambiwa hivyo nilipoanza. Nilichagua kwa sifa. Nilikuwa nimesoma habari za M1911, bastola aliyoibuni John Browning na jeshi la Marekani likaipokea mwaka 1911, nikaona silaha iliyodumu miaka yote hiyo haiwezi kuniangusha. Ni bastola nzuri kweli, na mpaka leo naiheshimu. Lakini ilinijia katika kaliba .45 (kaliba ni upana wa tundu la mtutu, hapa kwa inchi), yenye kichwa cha risasi cha gramu 15 hivi, nami sikuwa nimewahi kufyatua hata risasi mia maishani mwangu. Siku ile karatasi yangu ilijaa matundu upande wa chini kushoto. Nikaamini kilengeo cha nyuma kimepinda. Nikakisogeza. Matundu yakabaki palepale, mengine yakatoka nje ya karatasi.

Mwalimu wangu hakubishana nami. Alichukua bastola ileile na risasi zilezile, akapiga tano. Matundu yote matano ungeweza kuyafunika kwa mdomo wa kikombe cha kahawa. Kisha akanigeuzia mgongo, akajaza magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini), akanirudishia. Risasi ya kwanza ikatoka. Ya pili pia. Ya tatu nyundo iligonga, "ta", kimya. Alikuwa ameweka risasi bandia katikati bila kuniambia. Na mtutu wa ile bastola ambayo haikulipuka ulikuwa umeinama chini upana wa vidole viwili. Niliuona kwa macho yangu mwenyewe.

"Umeona, kijana?" akaniambia. "Hiyo ndiyo bastola yako inavyopiga."

Naomba uikumbuke picha hiyo kabla hujalipa hela. Bastola nyingi nzuri za siku hizi, ukizifunga kwenye kibano cha chuma na kuzifyatua bila mkono wa mtu, hupiga kundi dogo la matundu kuliko lile ambalo wewe au mimi tutalipiga kwa mkono. Tofauti kati ya bastola mbili nzuri za milimita 9, kwa umbali wa mita 25, ni ya sentimita chache. Tofauti anayoileta mtu anayeogopa mlipuko ni ya shibiri nzima. Ndiyo maana mimi siitenganishi bastola inayopiga sawasawa na bastola inayostarehesha. Kinachokustarehesha ndicho kinachouacha mtutu utulie mpaka risasi itoke.

Twende kwenye hesabu kidogo, maana inasaidia kuona jinsi kosa dogo la mkono linavyokuwa kubwa kwenye karatasi. Chukua bastola ya Glock 17. Kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni kama milimita 165. Kilengeo cha mbele kikihama milimita moja tu wakati unavuta, risasi itakwenda kando kiasi cha sentimita 15 ukiwa mita 25. Kwenye bastola fupi ambayo vilengeo vyake vimetengana milimita 110, milimita ileile moja inakupeleka kando karibu sentimita 23. Sasa fikiria kwamba katika mashindano ya kimataifa ya mita 25, kwenye karatasi ya kupiga polepole, duara la pointi 10 lina kipenyo cha sentimita 5. Robo ya milimita inatosha kukutoa humo. Mtu ambaye kidole chake kinafika kwenye kifyatulio kwa shida, ataizuia wapi robo ya milimita?

Kwa hiyo tuanze na mshiko. Hakikisha bastola haina risasi: toa magazini, vuta slaidi (kile kifuniko cha juu kinachorudi nyuma), tazama chemba (tundu risasi inapokaa), kisha ingiza kidole uipapase. Rudia mara ya pili hata kama aliyekupa ameshakagua mbele yako. Elekeza mtutu upande salama. Shika mpini juu kabisa, bonde la kidole gumba likae chini ya ule mkia wa nyuma bila nafasi kubaki. Tazama kutoka juu: mtutu, kifundo cha mkono na mfupa wa mkono vinatakiwa vikae katika mstari mmoja. Ikibidi uuzungushe mpini kiganjani ndipo kidole kifike kwenye kifyatulio, mpini huo ni mkubwa kwako, na kila teke la bastola litapiga kwenye kiungo cha kidole gumba. Utalisikia usiku ukilala.

Kidole cha shahada kiguse kifyatulio kwa ile nyama ya pedi ya mbele, na kiwe na nafasi ya kurudi moja kwa moja nyuma. Kikiwa kifupi mno, kinasukuma kando. Kikiwa kirefu mno na kimezama hadi kwenye kiungo, kinavuta kando. Jaribu kuvuta ukiwa umesimamisha kipande cha sarafu juu ya slaidi, bastola ikiwa tupu. Sarafu ikianguka bastola ikiwa haina hata mlipuko, ujue pana kazi ya kufanya.

Hapa ndipo bastola zinapoachana. Beretta 92 ni tulivu sana ikifyatuliwa, ni nzito na teke lake ni la pole, lakini mvuto wake wa kwanza nyundo ikiwa chini ni mrefu na unahitaji nguvu ya zaidi ya kilo 4. Mwenye vidole vifupi hujikuta ameipinda kabla risasi haijatoka. Risasi ya pili inakuwa laini, kwa sababu nyundo imeshakaa nyuma, na mgeni hupigwa na butwaa kwa tofauti ile. Glock, tangu ilipotoka mwaka 1982, mvuto wake ni uleule kutoka risasi ya kwanza hadi ya mwisho, na jambo hilo ni msaada mkubwa kwa anayejifunza. Ila mpini wake umelala zaidi, na wapo watu ambao wakiinyoosha kwa mazoea, kilengeo cha mbele kinawaangalia juu. Sio ubaya wa bastola. Ni umbo la kifundo cha mtu. Matoleo ya karibuni ya bastola nyingi huja na vipande vya nyuma vya mpini vya kubadilisha. Usiviache kwenye boksi, vijaribu vyote.

Mkono wangu mimi ulitulia kwenye CZ 75. Nasema wazi kwamba naipenda. Ilibuniwa Chekoslovakia katika miaka ya 1970, ya chuma kitupu, inakaribia kilo moja au kuzidi kidogo, na slaidi yake inateleza ndani ya kingo za fremu (mwili wa chini wa bastola) badala ya kuzikumbatia kwa nje, kama ilivyo kwa SIG P210 ya Uswisi ambayo wapiga shabaha wameisifu tangu mwaka 1949. Mpini wake una kiuno pale bonde la kidole gumba linapokaa. Mara ya kwanza kuishika nilifumba macho, nikainyoosha, nikafumbua: vilengeo vilikuwa vimejipanga vyenyewe. Nakuhimiza ufanye jaribio hilo kwa kila bastola utakayoishika. Halafu ujue pia kwamba rafiki yangu, mwenye vidole virefu kuliko vyangu, huishika CZ yangu na kupiga vibaya, kisha huchukua Glock yake na kunishinda. Nimeyaona makaratasi yake, wala sina la kubisha.

Kuna kosa moja linaloniuma kuliko mengine yote, na naomba nilikemee. Watu huamini kwamba mkono mdogo unataka bastola ndogo. Nimeona kina dada wengi wakifika uwanjani kwa mara ya kwanza, wakapewa kibastola chepesi cha mfukoni "kwa sababu ni kidogo", wakapiga risasi sita, wakaiweka mezani na wasirudi tena. Waliowapa waliwaonea. Risasi ileile ikitoka kwenye bastola yenye nusu ya uzito, nishati ya teke inayoingia mkononi inakaribia mara mbili. Mpini mfupi nao unaacha kidole cha mwisho kikining'inia hewani. Tena baadhi ya bastola ndogo, kama Walther PPK, mtutu wake haujifungi na slaidi. Slaidi inazuiwa na uzito wake na springi peke yake, ndiyo maana inapiga kwa ukali usioutegemea kwa risasi ndogo kama ile. Na slaidi yake inapita chini, karibu kabisa na ngozi ya bonde la kidole gumba. Mwenye nyama nyingi hapo ataondoka na mistari miwili ya damu. Bastola ndogo ni ya mtu aliyekwisha kukomaa.

Anayeanza namwekea mkononi bastola ya kaliba .22, nzito na yenye mtutu mrefu. Risasi hii ipo tangu mwaka 1887, na kichwa chake cha kawaida kina gramu 2.6, wakati cha milimita 9 kina gramu 7.5 hadi 8. Ruger za ule ukoo ulioanza mwaka 1949, Browning Buck Mark, au Smith & Wesson Model 41 kwa mwenye uwezo: yoyote kati ya hizo itakupigia kundi dogo kuliko unavyostahili kwa wiki ya kwanza. Wapo wanaoiona .22 kama ya watoto. Bastola za Olimpiki za mita 25 ni za kaliba hiyohiyo. Ningependa upige risasi elfu moja za .22 kabla hujagusa kubwa, kwa sababu mkono unajifunza haraka kile unachorudia, na ukirudia woga utajifunza woga.

Mkono unafundishika, hilo lisikupe shaka. Károly Takács wa Hungaria aliharibiwa mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938, mkono aliokuwa akipigia. Akaanza upya kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1948 akatwaa dhahabu ya Olimpiki London, na mwaka 1952 akaitwaa tena Helsinki.

Nusu ya woga ni kelele. Mlipuko wa bastola unazidi desibeli 140, na sikio likishaharibika halirudi. Vaa vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake, vyote viwili, hasa kama uwanja una paa. Miwani nayo, maana maganda ya moto huruka popote. Nimeona wapigaji ambao kundi lao lilipungua nusu siku walipoongeza vizibo, bila kubadilisha kitu kingine chochote.

Ukishapata bastola mbili au tatu za kuazima au kukodi, zijaribu kwa haki. Risasi za aina moja, siku moja, mita 10. Anza umeketi, mikono imeegemea kwenye mfuko wa mchanga, upige tano kwa kila bastola. Hapo unaona bastola inaweza nini. Kisha simama upige makundi manne ya tano tano. Usiruke haraka kwenda kwenye kundi zuri kuliko yote. Linganisha kundi la kwanza na la mwisho. Bastola ambayo kundi lake la nne limetawanyika, inakuchosha hata kama moyo umeipenda. Ile ambayo makundi yake yanafanana toka mwanzo hadi mwisho, hata kama si madogo sana, hiyo irudie wiki ijayo. Mwombe mwenzako akuchanganyie risasi bandia kwenye magazini, utazame mtutu unafanya nini pale "ta".

Badilisha na aina ya risasi pia baadaye, kwani mtutu mmoja hupenda gramu hizi na mwingine zile, na hilo hulijui mpaka upige. Nyuma ya kila karatasi andika tarehe, bastola, risasi, umbali, na mkono ulivyojisikia: unauma wapi, ulitokwa jasho, ulikaza kidole kipi.

Ukija uwanjani kuniuliza tena swali lako, njoo na makaratasi hayo yote, hata yale unayoyaonea haya. Hayo ndiyo nitakayoyatandaza mezani kwanza.