Kufiwa mara mbili mfululizo: nilivyojitunza wakati hata kuoga ni kazi

Pole sana ndugu yangu. Umesema umezika baba na dada ndani ya miezi mitatu, kila anayekuja anakwambia "jitunze", na hakuna anayekwambia unajitunzaje wakati hata kunyanyuka kitandani ni kazi. Mi mama alitangulia, miezi mitano baadae kaka akafuata, na usiku ule mi ndo nilikuwa nimekaa naye.

Kwanza nlikosea maana ya kujitunza. Nlidhani ni kutafuta kitu cha kuniondolea maumivu, basi nikajizika kwenye kazi mpaka usiku wa manane, wiki ya tatu mwili ukagoma. Silali, sili, kifua kinabana mpaka nikasema huu ni moyo. Nikaenda hospitali wakapima presha na moyo, vilikuwa sawa, ila nakusihi kifua kikibana usijiambie ni huzuni tu, nenda upimwe. Kuna hali inaitwa takotsubo, madaktari wa Japani waliielezea 1990, moyo unadhoofika ghafla baada ya mshtuko kama wa kufiwa na dalili zake zinafanana kabisa na shambulio la moyo.

Baada ya hapo ndo nikaelewa kwamba kujitunza ni kuuweka mwili hai wakati huzuni inafanya yake. Nikaweka alamu mbili kwenye simu, moja imeandikwa KULA nyingine MAJI. Sikusubiri njaa maana njaa haikuwa inakuja, alamu ikilia nakula hata vijiko vinne. Asubuhi nafungua dirisha saa ile ile kila siku, hata kama nitarudi kulala. Jioni natembea kidogo tu, bila kuongea na mtu. Pombe nilijaribu siku chache ili nilale, ikanilaza kweli ila nikawa naamka usiku nikiwa na hali mbaya zaidi, nikaacha.

Usiku ndo ulikuwa mtihani. Kaka alikata roho saa tisa usiku na mi nikawa naamka saa tisa kila siku, kama nimeamshwa. Kubaki kitandani kulinimaliza, kwa hiyo nikawa natoka nakaa kwenye kiti na daftari namwandikia. Vitu vya kawaida tu, "leo mwanao jino la mbele limeng'oka", "funguo zako bado sijazitoa mlangoni". Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, alianza kuchunguza mambo ya kuandika miaka ya 1980, watu wanaandika kama dakika 15 hadi 20 kuhusu yaliyowaumiza. Haimfai kila mtu, hata mimi mwenyewe kumwandikia mama kulinishinda kabisa, kila nikianza mkono unakufa ganzi. Usijilazimishe.

Na hapa niseme kitu ambacho watu waliofiwa mara moja hawakielewi. Msiba wa pili unaumeza wa kwanza. Nlikuwa namlia kaka halafu nashtuka, mbona mama sijamkumbuka wiki nzima, najiona msaliti. Mwishowe nikampa mama Jumapili jioni, iwe yake peke yake, nakaa na sweta yake, nalia au silii, saa moja ikiisha nainuka. Jaribu kumpa baba siku yake na dada siku yake.

Utaambiwa kuhusu hatua za huzuni, mi niliambiwa "sasa uko kwenye hasira". Zile hatua tano (kukataa, hasira, kubembeleza yasitokee, huzuni nzito, kukubali) za daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross, kwenye kitabu chake cha 1969, zilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe, sio ngazi ya kupanda aliyefiwa. Kilichonisaidia zaidi ni maelezo ya watafiti wa mambo ya kufiwa, Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999, kwamba aliyefiwa anaenda na kurudi, muda huu yuko kwenye majonzi, muda mwingine yuko kwenye maisha, na vyote viwili ni sehemu ya kupona. Siku ya kwanza kucheka nlijifungia chooni nikalia kwa aibu, natamani ningekuwa nimeshayajua haya.

Tafuta pia mtu mmoja tu unayeweza kumwambia "usinishauri, kaa tu kwenye simu". Wangu alikuwa shemeji, na ndo niliyemwambia siku nilipoanza kutamani kuwafuata. Hilo likikujia usisubiri kesho, mwambie mtu usiku huo huo na mwende hospitali. Na kama baada ya miezi sita huzuni bado ni kali hivyo hivyo na maisha yamesimama, Shirika la Afya Duniani linaitambua kama hali ya kutibiwa, wala sio udhaifu wa imani wala wa moyo.

Kwa sasa chukua moja tu. Weka alamu ya kula kesho mchana, halafu rudi uniambie kama umekula.