Msimpeleke Kibosho kabla ninyi wote hamjakaa na mshauri

Hapana! Nimefika pale uliposema baba ameamua mdogo wako ahamie kwa babu kijijini Kibosho "jembe limtoe mawazo", nikashindwa kupita. Ana miaka 19, ndiyo kwanza ametoka wodi ya wagonjwa wa akili, sauti alizokuwa anazisikia zimetulia, na wewe unauliza chuo arudi lini na bima inalipia nini. Hayo yangoje, kwanza hilo la Kibosho.

Kwetu ilikuwa Uru. Binamu yangu alitoka hospitali na dawa zake, mzee mmoja wa ukoo akatamka kwamba kijana haumwi, amedekezwa, apewe kazi. Akapelekwa. Kule hakuna aliyeelezwa chochote. Dawa zikimpa usingizi asubuhi, anaitwa mvivu. Akijitenga migombani, anaitwa jeuri. Shangazi analia mbele yake kwamba amewatia aibu. Mwisho vidonge vikafichwa, eti vinamlegeza. Kahawa haijaiva, kijana anabishana na watu wasiokuwepo, akateremshwa mjini amefungwa kamba, na kutoka hapo safari ikawa ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma. Mara hiyo ya pili alichelewa sana kutulia, na ufundi umeme aliokuwa anasomea hajaurudia mpaka leo. Yule mzee bado anashauri watu kwenye vikao vya ukoo. Sijamsamehe.

Na haya hayakuwa siri. Mtafiti George Brown na wenzake walionyesha kule London mwaka 1972 kwamba mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya lawama na ukali, au ya kumng'ang'ania kupita kiasi, ugonjwa humrudia zaidi kuliko anayerudi kwenye nyumba tulivu. Ndiyo maana kijana aliyeugua hivi mara ya kwanza hatibiwi kwa vidonge peke yake. Yeye anazungumza na mshauri, anashikwa mkono kurudi darasani taratibu, na familia inafundishwa dalili za mwanzo, namna ya kusema naye, na kwa nini dawa haziachwi siku anapopata nafuu. Shirika la Afya Duniani linataka ziendelee kwa miezi mingi hata baada ya dalili kuisha.

Kwa hiyo mtu yeyote atakayelala nyumba moja naye akakae kwanza na muuguzi wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Baba, mama, na huyo babu. Siku ya kliniki babu ateremke Moshi, mlipieni nauli. Akikataa, kijana abaki kwako Pasua, hapo mjini.