Fremu Yangu Ilipogeuka Herufi L

Wiki jana kijana mmoja wa Kakamega aliniandikia WhatsApp: "Bro, nikikata picha kwenye video, fremu inapotea. Nifanyeje?" Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Jambo hilohilo liliwahi kuniaibisha mbele ya umati.

Ilikuwa matanga, huko upande wa Ahero. Familia ilinipa kazi ya video ya kumkumbuka marehemu: picha 42, kila moja na fremu nyeupe kuizunguka. (Wengine huiita boda, ila hapa Kisumu ukiitisha boda inakuja pikipiki.) Nilimaliza mapema, nikajiona fundi wa Kondele nzima. Saa tano usiku binti mkubwa akanipigia: "Ile picha ya harusi, mtoe yule wa kulia. Hatuelewani naye." Sikuuliza. Kwenye programu ya video nikaongeza efekti ya kukata kingo za picha, nikapunguza kulia, nikapunguza na juu palipokuwa na paa la hema, nikarenda (nikaitoa kama faili moja ya video), nikalala.

Asubuhi mzee akatokea kwenye skrini kubwa akiwa na fremu kushoto na chini tu. Herufi L kamili, kama gari la anayejifunza udereva. Minong'ono ikaanza. Mjomba mmoja akanisogelea taratibu: "Fundi, mzee wetu umemwekea dirisha nusu?" Nilikuwa na soda mkononi, sikumbuki kama niliimaliza.

Sasa sikilizeni. Kwenye programu ya kuhariri video ya Premiere Pro, na hata Kdenlive ya bure, efekti hufanya kazi kutoka juu kwenda chini ya orodha. Fremu yangu ilitangulia, ikachorwa kwenye kingo za picha nzima. Kisu kikafuata, kikaondoka na pande mbili. Buruta efekti ya kukata ikae juu ya ile ya fremu. Basi.

Si basi kabisa. Kuna efekti za fremu zisizojali umekata wapi. Zinafuata ukingo wa picha ya awali, na fremu inabaki inaelea mbali na uso wa mtu. Ndiyo maana siku hizi mimi hukata picha kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, kabla ya kuiingiza kwenye video. Au natandika rangi nyeupe tupu chini ya picha iliyokatwa: picha ikiwa pikseli (vinukta vya picha) 800 kwa 1000, nyeupe iwe 824 kwa 1024, unapata pikseli 12 kila upande. Na fremu ya pikseli 12 juu ya picha kubwa utakayoipunguza hadi asilimia 25 hubaki pikseli 3. Kwenye simu huioni.

Lakini nyinyi vijana hamtaki kusikia haya. Mnataka picha ziruke, zizunguke, zilipuke, na kuketi kutazama kazi yako mwanzo mpaka mwisho hamtaki. Tazama! Baada ya kurenda, skrini nzima, hata kama mteja anakusukuma. Na akikupigia saa tano usiku, mwambie wazi kwamba kurekebisha kunataka muda. Kata kwanza, fremu baadaye. Nitarudia mpaka lini?

Kijana wa Kakamega amenijibu kwa kidole gumba. Yule binti nilimtumia video iliyorekebishwa siku ya tatu baada ya mazishi. Tiki mbili za buluu, kimya. Salio langu la shilingi 4,000 sijawahi kuliulizia.