Mlioanza utafiti wa uwatu na unene, pimeni mabaki ya chakula cha panya

Wadogo zangu, kabla hamjaanza kusoma jeni za bakteria wa utumbo, nunueni mbegu za uwatu kidogo pale Ngara, Nairobi, mloweke kijiko kimoja usiku. Asubuhi mtakuta mbegu zimevimba na maji yanavutika kidoleni kama mlenda. Ute ule ni nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng'enya, kwa hiyo hufika hadi utumbo mpana. Huko bakteria huzichachusha wakatoa asidi kama butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo.

Sasa zionjeni. Uchungu huo ulinipotezea miezi minne. Tulichanganya unga wa uwatu na chakula cha panya wanene, uzito ukashuka, bakteria wakabadilika, nami nikaanza kuandika matokeo. Msimamizi wangu akauliza, "Walikula kiasi gani?" Sikuwa nimepima mabaki. Nilipochungulia vizimbani, unga ulikuwa umetapakaa chini: walikuwa wanaukwepa. Na panya asiyekula vizuri hupungua, bakteria wake wakabadilika, hata bila dawa yoyote. Tulirudia kazi yote. Pimeni kinachoingia na kinachobaki kila siku, tena wekeni kundi linalopewa chakula kisicho na uwatu kwa kiasi kile kile walichokula wenzao.

Panya pia hula kinyesi, chao na cha wenzao. Msilidharau hilo. Mwaka 2006 watafiti wa Washington University, St. Louis, walipandikiza bakteria wa panya wanene kwa panya wasio na bakteria, nao wakaongeza mafuta kuliko waliopewa bakteria wa panya wembamba. Basi panya watano wa kizimba kimoja, wanaopeana bakteria, si mashahidi watano. Gawanyeni kila kundi katika vizimba kadhaa.

Kuhusu dozi, kupata ya mtu kwa kila kilo ya uzito, gawanyeni ya panya mdogo wa maabara (mouse, si rat) kwa 12.3. Miligramu 400 kwa kilo ya panya ni kama gramu 2.3 kwa mtu wa kilo 70. Hayo ni makadirio ya kuanzia utafiti, si maagizo ya kumpa mtu. Siku moja mama mmoja dukani aliniuliza, "Mwanangu, ninywe kiasi gani nipungue?" Nikamuuliza kama anatumia dawa za kisukari. Alikuwa anatumia. Nikamweleza kwamba uwatu nao huweza kushusha sukari, azungumze kwanza na daktari wake. Akaurudisha mfuko kwenye rafu.