Niliwauliza waliotangulia: siku ile hukuona nini?

Mhariri mpendwa,

Swali lenu la wiki hii limetulenga sisi tunaokaribia kufunga ndoa: "Unaipanga harusi yako kwa kufuata wazo gani, na wazo hilo umelitoa wapi?" Nilikuwa na daftari langu la harusi mapajani nilipolisoma. Zimenibakia wiki 11, na jambo hili linanijaa moyoni kila asubuhi, kwa hiyo naomba mnivumilie nikijibu kwa kirefu.

Nilianza kwa kukusanya picha. Kwa miezi miwili nilihifadhi kwenye simu mashada ya maua, mitindo ya nywele, mapambo ya ukumbi, meza zenye mishumaa, hata mafundo ya utepe. Zilipofika kama mia nne nikamwonyesha mchumba wangu. Alizipitia taratibu, hakuharakisha, kisha akaniuliza, "Watu wenyewe wako wapi?" Nikazirudia moja moja. Kweli, karibu zote zilipigwa kabla wageni hawajaingia. Viti vimepangika, havijakaliwa. Mishumaa haijawashwa. Mimi nilikuwa nikiipanga siku ya watu kwa kutazama vyumba visivyo na watu.

Picha hizo sikuzifuta, kwa sababu rangi nimezichagulia humo. Ila wazo lenyewe nikaenda kulitafuta kwingine. Nilianza kuwatembelea na kuwapigia simu walioolewa na waliooa, wa mwaka jana na wa miaka 40 iliyopita. Sikumwuliza mtu alivaa nini wala alitumia kiasi gani. Swali langu lilikuwa moja: siku ile ni kitu gani hukukiona, au hukukipata, ambacho mpaka leo unakitamani? Nimewauliza watu 23, na harusi yangu naipanga kwa majibu yao.

Jibu lililorudi mara nyingi zaidi lilihusu wazee. Rafiki yangu mmoja ana albamu nene, ya kupendeza kweli, lakini hana hata picha moja akiwa na bibi yake mzaa mama. Bibi alikuwepo. Alikaa kiti cha mbele tangu mwanzo, miguu ikamchosha, akarudishwa nyumbani kabla ya zamu ya picha za familia, kwa kuwa ratiba iliziweka mwisho kabisa. Mwaka uliofuata bibi akafariki. Rafiki yangu aliponisimulia haya alikuwa ameishika ile albamu, na hakuifungua.

Basi kwetu sisi wazee ni wa kwanza. Mara tu baada ya kiapo, kabla ya pongezi na kabla ya mtu yeyote kuanza kuzunguka, wanapigwa picha wakiwa wamekaa kivulini. Sisi ndio tutakaowafuata walipo. Nimeandika orodha ya makundi kwa majina, si "familia ya bibi harusi" tu, na kila kundi nimelipa dakika tatu. Dakika tatu zinaonekana nyingi mpaka umkumbuke yule aliyekwenda kunawa mikono. Makundi 10 ni nusu saa nzima, na nusu saa hiyo isipoandikwa kwenye ratiba italiwa na jambo jingine. Kila upande umetoa mtu mmoja anayezijua sura zote, ndiye atakayeita majina. Mpiga picha, hata awe hodari namna gani, hamtambui shangazi yako.

Mpiga picha huyo ndiye aliyenifundisha pia habari ya mwanga. Jua la utosini huangusha kivuli kwenye mashimo ya macho, ndiyo maana picha nyingi za adhuhuri huonyesha watu kama hawajalala. Jua likikaribia kutua, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Rangi ya samawati hutawanyika njiani, tukabaki na ule mwanga wa dhahabu unaolainisha uso. Kwa hiyo picha zetu sisi wawili tumezisogeza hadi mwishoni mwa alasiri. Ni dakika 20 tu, na niliwaza mara mbili kabla ya kukubali, maana ni dakika 20 za kuwa mbali na wageni. Kilichonishawishi ni jibu la mwanamume mmoja, mume wa binamu yangu. "Siku nzima sikubaki peke yangu na mke wangu," alisema. "Nilimwona upande tu, kama mtu uliyekaa naye kwenye basi." Dakika zile zitakuwa za picha, na zitakuwa pia za sisi kutazamana.

Kuna jibu jingine lililonishtua. Mwanamke mmoja aliniambia kwamba alipoingia ukumbini hakuona nyuso, aliona simu. Kila aliyempenda alikuwa nyuma ya kioo kidogo kilichonyanyuliwa. Tumeamua kwamba mshereheshaji atawaomba wageni waweke simu chini tangu tunapoingia mpaka kiapo kiishe, awaombe kwa upole na awaeleze sababu, kisha waruhusiwe kupiga watakavyo. Wapo ndugu wanaoona ni ukali. Mimi siuoni ukali. Nataka kumwona baba yangu mdogo akilia, maana najua atalia.

Sauti nayo haipewi heshima inayostahili. Watu watano kati ya wale 23 waliniambia kiapo chao hakikusikika. Mmoja akasema hata yeye mwenyewe hakukisikia. Tunapamba kuta kwa wiki nzima, halafu kipaza sauti kinajaribiwa kwa kupigwa kidole mara mbili. Fundi wa sauti amenieleza kwamba ukumbi mtupu hudanganya. Miili ya watu na nguo zao hunyonya sauti, kwa hiyo kilichovuma vizuri asubuhi chaweza kufifia ukumbi ukijaa. Tutafanya jaribio wageni wakishaketi, kwa muziki wa chini na salamu fupi, na mtu mmoja atasimama safu ya mwisho atupe ishara ya mkono. Kwa wanaofunga ndoa nje, nawasihi mtafute kifuniko cha sponji cha kipaza sauti. Upepo mdogo tu hufunika maneno ambayo mtu ameyatafuta maisha yake yote.

Sasa niseme la gauni, ambalo najua wengi mnalisubiri.

Nilidhani gauni jeupe ni jambo la tangu kale. Siyo. Huko Ulaya wanawake wengi waliolewa wakiwa wamevaa nguo yao nzuri kuliko zote, ya rangi yoyote, waendelee kuivaa baadaye. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa Februari 1840 akiwa na gauni jeupe la satini, ndipo mtindo ule ulipopata nguvu na kusambaa. Lakini kinachonigusa katika habari yake ni lesi kuliko weupe. Aliagiza lesi ya Honiton, iliyofumwa kwa mkono na wanawake wa Devon, jimbo la Uingereza, ambao kazi yao ilikuwa ikimezwa na mashine, na akaitunza maisha yake yote. Picha rasmi ya kuadhimisha miaka 60 ya utawala wake, mwaka 1897, inamwonyesha mjane mzee aliyevaa shela yake ya harusi.

Nikazidi kusoma. Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza, aliolewa Novemba 1947 wakati nguo bado zilinunuliwa kwa kuponi za mgawo. Serikali ilimwongezea kuponi 200, na wanawake waliomtumia kuponi zao walirudishiwa kwa sababu sheria haikuruhusu kumpa mtu mwingine. Mjukuu wake, Beatrice, aliolewa Julai 2020 kwa gauni la bibi yake, si lile la harusi, lililobuniwa na mwanamitindo Norman Hartnell miaka zaidi ya 50 kabla, likaongezewa mikono ya kitambaa chepesi.

Lakini nguo ninayoipenda kuliko zote hizo haikuwa ya mwanamfalme. Iko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, Marekani. Agosti 1944 rubani Mmarekani alilazimika kuruka kutoka kwenye ndege yake ya kivita, B-29, iliyoshika moto, akatua China kwa mwavuli. Usiku ule mwavuli huo wa nailoni ukawa mto wake na blanketi lake. Akautunza. Mwaka 1947 alipomchumbia msichana wake, alimkabidhi mwavuli ule awe nao kama kitambaa cha gauni. Msichana alishona sketi mwenyewe, akizivuta kamba za mwavuli hadi kitambaa kikakunjika vizuri, mbele kifupi, nyuma kikiburura. Sehemu ya juu na shela akampa fundi. Waliooana walikuwa wawili, lakini gauni lile lilivaliwa baadaye na binti yao, na mke wa mtoto wao wa kiume pia, kabla ya kupelekwa makumbusho. Nilipolisoma hilo niliacha kutafuta gauni jipya kabisa.

Gauni la mama yangu lilikuwa kwenye sanduku. Satini yake imegeuka manjano, na kwapani kitambaa kimelika, halifai tena kuvaliwa. Fundi wangu aliligeuza ndani nje, akalinyanyua dirishani, akanionyesha kwamba lesi ya mikono ni nzima, haina hata uzi uliokatika. Mikono hiyo ndiyo inayohamishiwa kwenye gauni langu. Rangi hazifanani sawasawa, lesi imeiva kidogo kuliko kitambaa kipya, na fundi alijitolea kuisafisha hadi ing'ae. Nimemwomba aiache.

(Na jambo dogo la fundi, kwa bibi harusi wenzangu: nendeni kupimwa pindo mkiwa na viatu vyenyewe vya harusi. Wawili kati ya wale niliowauliza walikatiwa gauni kwa viatu vingine. Mmoja alilikanyaga siku nzima.)

Orodha ya wageni imetupa taabu kuliko mengine yote, na sidai tumeimaliza. Kila jina ni kiti, sahani na nafasi ya kupita. Meza ya duara ya sentimita 150 inakaa watu 8 kwa raha. Ukiwabana 10 hakuna atakayekula bila kumgonga mwenzake kiwiko. Ukumbi wetu, tukiacha nafasi ya kucheza na njia ya kiti cha magurudumu cha babu yake mchumba wangu, unapokea meza 15. Hesabu hiyo ndiyo imetuamulia, si mimi wala mama mkwe. Tulikubaliana kwamba kila atakayealikwa awe amewahi kuzungumza na mmoja wetu ana kwa ana. Kuna majina yameumiza kuyaondoa. Kuna moja nililirudisha usiku, na simjutii.

Maua tumechagua ya msimu, basi. Chakula tumemwachia anayekijua, isipokuwa jambo moja: maharusi wengi ajabu hawakula kwenye harusi zao. Sahani zetu mbili zitatengwa kwenye chumba cha pembeni mara baada ya picha za wazee, na mpambe wangu amepewa ufunguo na maagizo ya kutomruhusu mtu kuingia kwa robo saa.

Mtu wa 23 alikuwa mama yangu. Nilimwacha mwisho kwa sababu nilidhani majibu yake nayajua, nimesikia habari za harusi yake tangu utoto. Tulikuwa tunakunja nguo. Alifikiri kwa muda, akaniambia, "Sikumwona mama yangu." Bibi alikuwa jikoni. Alikuwa stoo. Alikuwa nje akiwapokea waliochelewa na kuhesabu vyombo. Alikuja kumuaga mwanawe usiku, akiwa bado na maji mikononi. Mama aliyasema haya bila lawama, akaendelea kukunja shuka.

Usiku ule nilifungua ukurasa wa majukumu kwenye daftari. Jina la mama lilikuwa kwenye mistari tisa: kupokea wageni wa mbali, stoo, zawadi, kumsimamia mpambaji, malipo ya mwisho, na mengineyo. Nililiandika mwenyewe, mara tisa, kwa sababu hakuna ninayemwamini zaidi yake. Nimelifuta lote. Kazi hizo nimezigawa kwa watu sita, kila mmoja ameandikiwa saa na namba ya simu ya kumpigia akikwama, na hiyo namba si ya mama. Kiti chake ni cha mbele, upande wa kulia, ninapoweza kumwona bila kugeuza shingo.

Hajaridhika sana. Jana amenipigia kuuliza funguo za stoo nimempa nani.