Nikiwa peke yangu na Mungu, sina la kusema

*Mama, Bwana asifiwe. Nina miaka 36, watoto 4, nauza maharage hapa Goma, soko la Virunga. Ninaimba korale, asubuhi saa kumi na moja niko kanisani, Ijumaa niko kesha. Tukiwa wengi nalia, nasikia moto. Nikipiga magoti peke yangu nyumbani, kinywa kinakauka. Nasema "Baba, asante, asante", naishiwa. Mwenzangu wa chumba cha maombi anasema Mungu huongea naye kila siku, hata nguo ya kuvaa anamchagulia. Ameniambia nina kifungo, nilete dola 50 kifunguliwe, na hapo nitaonyeshwa mdogo wangu alipo. Hatujamwona tangu vita viingie mjini, mwezi wa kwanza 2025. Biashara nayo ngumu: juzi gunia limetoka Masisi na wadudu, nikawaambia wateja, nikauza nusu bei. Nifanye nini niwe karibu na Mungu kama wengine? Wakati mwingine nawaza Mungu hatujali. Anisamehe.*
*Dada wa Majengo*

Dada yangu, pole sana kwa mdogo wako.

Barua yako ilikuwa ndefu, nimeifupisha, lakini neno zito kuliko yote uliliweka mwisho kabisa, kisha ukaomba msamaha hata kabla sijakujibu. "Nawaza Mungu hatujali." Mimi sioni kifungo hapo. Naona mtu mwenye jambo moja la kumwambia Mungu, na ndilo hilo hilo analoogopa kumwambia. Kwenye korale hulazimiki kulisema, maana wimbo una maneno yake tayari, na anayeongoza maombi anakubeba na sauti yake. Nyumbani hakuna wa kukubeba. Unaanza na asante ambayo moyo wako hauitaki siku hiyo. Kinywa kisikauke kwa nini?

Wateja wako uliwaambia ukweli kuhusu gunia lile, hasara ukaibeba wewe. Mungu je? Yeye unamchambulia. Unamletea zile punje safi tu, zilizotobolewa unazificha chini ya lungo.

Fungua Zaburi 13. Ina mistari 6 tu. Daudi anauliza "hata lini" mara 4 kabla hajaomba kitu chochote: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi ya 88 ni kali zaidi. Inaishia gizani, bila haleluya ya kufungia, na waliokusanya maombi ya Israeli hawakuiondoa wala hawakuitafutia mwisho wa kufurahisha watu. Wahubiri wengi wanairuka; sijui wangeomba sadaka gani baada yake. Na Hana, mama wa Samweli, alilia hekaluni midomo ikicheza bila sauti, mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Hana akamjibu: "nimeimimina roho yangu mbele za BWANA." Kisha akaenda, akala. Mtoto alikuwa bado hajapatikana, mimba yenyewe haijaingia, lakini alikula.

Kwa hiyo nakuomba ufanye hivi. Yesu alisema tuingie chumbani tufunge mlango, nami najua nyumba za Majengo: chumba kimoja mnalala watano. Basi chumba chako kiwe pale unapochambua maharage, kabla wateja hawajaanza kuja. Soma zaburi moja, ile ya 13, au 22, au 88. Kisha ongea naye kwa Kiswahili chako cha sokoni, siyo kile cha mimbarani. Taja jina la mdogo wako. Mwambie umekasirika, kama umekasirika. Ukimaliza, nyamaza kidogo, mikono iendelee na maharage. Usijipime kwa machozi. Siku nyingine hutasikia kitu chochote, na hiyo bado ni sala.

Kesha la Ijumaa liache kwa muda. Mwambie kiongozi wa korale kwamba umechoka, hakuna dhambi. Saa kumi na moja uko kanisani, mchana kutwa sokoni, usiku watoto, na Ijumaa hulali: mwili huo utasikia sauti ya nani? Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, malaika hakumhubiria. Alimletea mkate na maji, akalala tena, akapewa chakula mara ya pili. Ile "sauti ndogo, ya utulivu" ilikuja baadaye, kule Horebu, na ilianza kwa kumuuliza swali: unafanya nini hapa?

Huyo mwenzako anayechaguliwa nguo, mwache na nguo zake. Sisemi anadanganya. Nasema tu kwamba ukaribu na Mungu haupimwi kwa wingi wa sauti. Kijana wa mji wetu huu, Floribert Bwana Chui, alikuwa mkaguzi wa bidhaa zinazoingia mpakani. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisifike kwa walaji, akauawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Mwezi wa sita 2025 Kanisa Katoliki likamtangaza mwenye heri. Alikuwa mtu wa sala, lakini tunamkumbuka kwa chakula kibovu alichokizuia. Mimi ni Mprotestanti, na habari hiyo huwa nairudia mara nyingi. Ndiyo maana gunia lako la Masisi limenigusa kuliko moto unaousikia kwenye kesha. Kuna mahali mnaelewana vizuri na Mungu, wewe na yeye, ila hukupahesabu.

Tafuta pia mtu mmoja wa kuomba naye, mmoja tu. Awe mama aliyezika au aliyepoteza mtu, anayeweza kukaa kimya na wewe bila kukutolea unabii.

Hizo dola 50 usizitoe. Hapo sina upole. Anayekuuzia habari za ndugu yako aliyepotea, hata akifunga siku arobaini, anafanya biashara na uchungu wako. Lipia minervali (ada ya shule) ya mtoto wako mkubwa. Kuhusu mdogo wako, nenda Msalaba Mwekundu: wanaandikisha watu waliopotezana na ndugu zao katika vita, na hawatozi kitu. Beba picha yake, majina yake yote, majina ya baba na mama, na mahali na siku alipoonekana mara ya mwisho. Kama unaogopa kwenda peke yako, nenda na huyo mama niliyemtaja.