Maswali ya wasomaji: Ofisi ya watu 7, mafaili yamezagaa, tununue boksi gani?

SWALI: Habari za kazi. Sisi ni ofisi ndogo ya mahesabu hapa Mwanza, tuko watu 7, tunawaandalia wateja hesabu za kodi na mishahara. Mafaili yetu yako kila mahali, mengine laptopu ya bosi mengine kwenye fleshi, na kulikuwa na eksteno ya tera 1 ndo ilikuwa inabeba kila kitu, mwezi uliopita ikadondoka mezani ikaanza kugonga gonga kwa ndani na kompyuta haiioni tena, miaka 3 ya kazi imeenda na tumerudi kwa wateja kuomba risiti upya, aibu tupu. Sasa bosi katoa milioni 2 na nusu. Fundi mmoja anasema tuchukue NAS (boksi la diski linalochomekwa kwenye mtandao wa ofisi) ya diski 4 tuweke RAID 5 (diski zinaunganishwa zifanye kazi kama moja) hatutapoteza faili tena, mwingine anasema chomekeni eksteno kwenye rauta inatosha, na kijana wa ofisini anasema tupeleke vyote klaudi. Jukumu nimepewa mimi na sio mtu wa IT. Tushike lipi? Dada wa mahesabu, Mwanza

JIBU: Pole sana dada. Kwanza hiyo eksteno msiiwashe tena. Ikigonga hivo mara nyingi kile kichwa kinachosoma kimeharibika, na kila mkiiwasha kinaweza kuzidi kukwangua sahani ambayo ndo imebeba data zenu, kwahiyo kama kuna kazi ambayo hamuwezi kuirudia itunzeni mpaka mpate mtu ambaye kazi yake ni kuokoa data, sio fundi wa kila kitu.

Sasa turudi kwa fundi wenu wa RAID 5, lile neno lake "hatutapoteza faili tena" ndo linanitisha. Nishaitwa ofisi moja walikuwa na boksi zuri tu la diski mbili, mtu akafuta folda ya mwaka mzima akidhani ni nakala, wakaniambia kwa amani kabisa haina shida sisi tuna RAID. Nikaangalia diski ya kwanza hamna, ya pili hamna, maana RAID 1 kazi yake ni kuandika kitu kilekile kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja, ukifuta kinafutika kote. Yule dada aliyefuta alilia mbele yangu na mpaka leo nikikumbuka naumia, kwasababu aliyewauzia hakuwahi kuwaambia. RAID inawasaidia diski moja ikifa kazi iendelee mpaka mlete nyingine, basi. Mtu akifuta, virusi wakiingia, mwizi akibeba boksi, moto ukiwaka, RAID haina msaada hata iwe ya diski 10.

Kwahiyo hiyo hela igaweni tangu mwanzo, boksi lipate sehemu yake na nakala ya pili ipate ya kwake, wengi wanamaliza bajeti yote kwenye boksi alafu bakapu inakuwa "tutanunua mwezi ujao" na huo mwezi haufiki.

Nyie ni watu wa Excel, PDF na risiti zilizoskaniwa, miaka 3 yote ilienea kwenye tera 1. Boksi la diski 2 linawatosha kabisa, diski za tera 4 kila moja kwa RAID 1, mtapata nafasi ya tera 4 (kompyuta itaonyesha kama 3.6, msigombane na muuzaji, ni namna tu ya kuhesabu). Diski 4 na RAID 5 zina maana kwa watu wa video au wachora ramani wenye mafaili makubwa. Kampuni ziko kadhaa, Synology, QNAP, Asustor, TerraMaster, mi sina ugomvi na yoyote ila kabla ya kulipa ulizeni vitu viwili. Je modeli hii ina snapushoti? Hizo ni picha za folda zenu boksi linajipigia lenyewe tuseme kila saa moja, ukifuta faili saa 8 unalirudisha la saa 7, yule dada niliyemtaja angeokoka kwa dakika 2. Modeli nyingine za bei ya chini hazina, na hiyo ndo tofauti ya bei ninayoona inafaa kulipiwa. Pili, je diski tunazonunua ziko kwenye orodha ya zinazokubalika na boksi hilo? Mwaka 2025 Synology waliwahi kubana baadhi ya modeli zao mpya zitumie diski walizoidhinisha wao tu, wakaja kulegeza mwaka huohuo, ila tabia ya kuangalia orodha kabla ya kutoa hela ibaki.

Alafu angalieni swichi, kile kiboksi kinachounganisha kompyuta zenu kwa waya. Kama ni ile ya zamani ya megabiti 100 (biti 8 ndo baiti moja) mtavuta faili kwa kama megabaiti 11 kwa sekunde na mtalaumu NAS bure, swichi ya gigabiti na kebo za Cat5e zinawafikisha kwenye 110 hivi, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na boksi.

Na hii wengi hawaambiwi, ile programu yenu ya mahesabu kama inatumia faili moja la database linalofunguliwa na watu wengi kwa pamoja, msilihamishie NAS mpaka watengenezaji waseme inaruhusiwa, linaweza kuharibika mtandao ukiyumba kidogo tu. Liacheni kwenye kompyuta yake, muipange itupe bakapu NAS kila usiku.

Eksteno kwenye rauta hapana. Ni diski moja ileile iliyowaliza, haina wa kukutumia taarifa ikianza kuumwa, na kwa rauta nyingi aliyeingia Wi-Fi anaona vyote. Nyie mna mishahara ya watu humo! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, kwenye NAS kila mtu anapewa jina lake na nywila yake na folda ya mishahara wanaiona wawili tu.

Kijana wenu wa klaudi hajakosea ila apige hesabu. Giga 500 kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde ni siku 9 usiku na mchana, na zile folda zinazojisawazisha zenyewe ukifuta faili huku, na kule klaudi linafutika. Itumieni kwa folda muhimu tu, boksi lipandishe usiku likiwa limezifunga kwa nywila.

Nakala yenyewe sasa: nunueni eksteno 2 za tera 4. Moja inakaa ofisini inapokea bakapu, nyingine iko kwa bosi nyumbani, kila Ijumaa zinabadilishana. Ile isiyochomekwa popote virusi hawaifikii na mwizi wa ofisini haioni. Kumbukumbu za kodi mnatakiwa kuzitunza miaka 5 kwahiyo hii sio hiari. Na kila mwisho wa mwezi wewe mwenyewe chagua faili moja lolote ulirudishe kutoka kwenye eksteno ulifungue ulisome, likigoma ujue mapema.

Msisahau UPS yenye waya wa USB wa kuchomeka kwenye NAS, umeme ukikatika na betri ikikaribia kuisha boksi linajizima lenyewe taratibu badala ya kuangushwa katikati ya kuandika.

SWALI: Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Tanga na NAS ninayo tayari. Nataka niangalie mafaili nikiwa nyumbani, kijana akanifungulia poti (mlango wa kuingilia kutoka intaneti) kwenye rauta na inafanya kazi vizuri. Kuna ubaya? Msomaji, Tanga

JIBU: Ubaya upo kaka, mwambie aifunge leo. Kama wewe unaifikia kutoka nje basi na dunia nzima inaifikia. Aprili 2021 kirusi kinachoitwa Qlocker kilifungia watu mafaili kwenye NAS za QNAP kwa nywila na kudai fidia, Januari 2022 kikaja kingine, DeadBolt, kwenye hizohizo, na waliopigwa ni waliokuwa wameacha boksi wazi kwenye intaneti. Juni 2021 watu wenye WD My Book Live, diski ya mtandao ya Western Digital, waliamka wakakuta diski zao tupu, kifaa ambacho kilishaacha kupewa apdeti tangu 2015. Tumia VPN, yaani njia iliyofungwa ambayo wewe tu unapita kuingia, kama WireGuard au Tailscale, unafungua simu, unaingia, mafaili yako hayo. Zima na ile UPnP ya rauta maana inaweza kufungua poti bila kukuuliza, uzime akaunti inayoitwa admin utumie jina jingine, na apdeti ziruhusu zijiweke zenyewe.

SWALI: Nina studio ya picha Mombasa. Diski moja ya NAS ilikufa nikaweka mpya, sasa ni siku ya nne bado inajenga RAID na kila kitu kizito. Nimeuziwa feki? Msomaji, Mombasa

JIBU: Inaweza kuwa diski halali kabisa ila ya aina ya SMR, zile ambazo njia za kuandikia zimepandana kama mabati ya paa, kwahiyo kubadilisha kidogo kunailazimu iandike upya kipande kikubwa, na kujenga RAID ni kuandika mfululizo bila kupumua. Mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya diski zao za WD Red, ambazo ziliuzwa ni za NAS, zilikuwa SMR, wateja wakaja juu sana na wana haki. Chukua namba ya modeli iliyo kwenye lebo uiangalie kwenye tovuti ya kampuni. Kama ni SMR acha imalize bila kuizima, ila leo hii kabla ya chochote nakili picha za wateja kwenye eksteno ukianza na harusi ambazo hujazikabidhi, maana ikifa diski nyingine kabla haijamaliza hakuna pa kuzitoa. Ikiisha irudishe dukani udai ya CMR, ile ambayo njia zake hazijapandana.